Shaba za Libia

Nilipofika Nakuru kuanza maisha na mume wangu, kitu cha kwanza nilichokiona ni glasi za mafuta zilizopangwa dirishani. Chini ya kila glasi kulikuwa na vitu vidogo vyeusi, na mafuta yenyewe yalikuwa yamegeuka rangi ya kijani. Nikadhani ni dawa. Tulikuwa tumefunga ndoa wiki chache tu zilizopita, kanisani kwetu magharibi, na mama yangu alikuwa ameniambia niichunguze nyumba vizuri kabla sijafungua sanduku langu. Sikulifungua. Nilikaa kitandani na koti langu mwilini, nikamngoja atoke kazini kwenye karakana ya reli.

Alipoingia nikamwonyesha dirisha kwa kidole. "Hizo ni nini?"

Alicheka. Aliosha mikono, akachovya kijiko kwenye glasi moja, akatoa kitu kidogo kama kifungo cha shati. Akakifuta kwa kitambaa na kukiweka kiganjani mwangu.

"Pesa," akasema. "Za Warumi."

"Warumi gani?"

"Wale wa Biblia."

Nikamrudishia haraka. Warumi niliowajua mimi ni wale waliompigilia Bwana Yesu misumari. Sikutaka pesa yao mkononi, na nilimwambia hivyo.

"Hawa ni wa baadaye sana," akasema. Akaisogeza karibu na taa. "Tazama bendera yao. Unaona msalaba? Hawa walikuwa wameshaokoka."

Nikafungua sanduku.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini. Nakuru ilikuwa imejaa wanaume waliotoka vitani. Mume wangu alikuwa katika kikosi cha kuchimba na kubeba, Libia, na huko ndiko alikoziona pesa hizo kwa mara ya kwanza. Askari wengi walizipata walipokuwa wakichimba mahandaki, wakazitia mfukoni, wakarudi nazo bila kujua ni za nini. Kwa hivyo kila alipokutana na mtu aliyevaa lile koti kubwa la jeshi, awe kwenye kinu cha unga, kanisani au njia ya Njoro, mume wangu alimuuliza swali lile lile: "Ulipita Libia? Hukuokota kitu?" Mmoja alikuwa ameitia pesa yake chini ya mguu wa meza iliyoyumba. Mwingine alikuwa ameitoboa tundu, kama senti zetu za wakati ule, akamvalisha mtoto shingoni. Mume wangu alibadilishana nao kwa sigara, kwa sabuni, na siku moja kwa tai yake ya Jumapili. Siku hiyo sikumpikia.

Lakini nitasema ukweli, hata mimi nilizipenda. Fundi wa saa mmoja, Mhindi mwenye duka karibu na soko, alimkubalia mume wangu kutumia kile kioo cha kubana jichoni, akamwonya asikwaruze kwa kisu. Mafuta ya simsim, akasema, na subira, na mwiba. Macho yangu yalikuwa mazuri kuliko ya mume wangu, kwa hivyo kazi ya mwiba ikawa yangu. Baada ya chakula tuliondoa vyombo, tukatandika gazeti, tukaketi magoti yakigusana. Nilikwaruza udongo wa watu wa kale punje kwa punje mpaka uso ukatokea, uso wa mfalme mwenye macho makubwa na kilemba cha lulu. Upande wa pili kulikuwa na picha, na tulizijua zote. Kulikuwa na askari wawili wamesimama na bendera katikati. Kulikuwa na askari anayemchoma mkuki mtu anayeanguka kutoka juu ya farasi. Kulikuwa na lango la ngome lenye nyota juu yake. Siku nilipotoa mnyama akinyonyesha watoto wawili wa binadamu, nilipiga kelele kuwa ni fisi. Mume wangu alikimbia nayo kwa fundi wa saa, akarudi akihema.

"Ni mbwa mwitu! Yule aliyewalea walioujenga mji wa Warumi! Na ni wewe uliyemwona!"

Alinibeba juu, mimi na mwiba wangu. Sidhani nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Zilikuwapo nyingine ambazo hazikuingia kwenye mafuta. Zilikaa ndani ya soksi ya jeshi, chini kabisa ya sanduku lake, pamoja na udongo wake. Nilipomwambia tuzisafishe alisema hizo si nzuri. Nilipouliza tena alisema kutu imezila. Siku nyingine nilimwaga soksi juu ya gazeti bila kumwambia, na nikaona kwamba kutu haikuwa imezila. Zilikuwa nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo.

"Zirudishe," akasema kutoka mlangoni.

"Kwa nini?"

Ilikuwa Jumapili na mvua ilikuwa inapiga mabati. Alikaa chini, akaniambia. Alikuwa na rafiki katika kikosi chake, kijana wa Dundori, aliyelala naye hema moja. Siku moja walipokuwa wakishusha mapipa ya petroli kutoka kwenye lori, kamba ilikatika na mapipa yakamwangukia yule kijana. Aliishi mpaka asubuhi. Mume wangu na wenzake wakaamriwa kuchimba kaburi. Mahali penyewe palikuwa na kuta za kale zilizobomoka. Walipofika magotini wakaanza kutoa vigae vya vyungu, na walipofika kiunoni koleo likatoa udongo wenye vitu vya kijani kama mbegu.

"Nilijua ni pesa," akasema. "Nilikuwa nimeshaziona kwa wengine, na kila mtu alikuwa na zake isipokuwa mimi. Sajini anatuharakisha, mwili uko pale pale kwenye blanketi. Nikaikanyaga ile sehemu ili wengine wasione. Padri alipomaliza kuomba, kila mtu aliinama akachukua udongo, akautupa ndani."

"Na wewe?"

"Mimi niliuchagua kwanza."

Nilizirudisha zile pesa kwenye soksi, nikafunga fundo.

Baada ya hapo nilitega sikio kila niliposikia Dundori. Kulikuwa na mama mmoja aliyeteremka kutoka huko na lori la maziwa, akituuzia viazi kwenye nyumba za reli. Siku moja nilimuuliza, kama mtu anayepiga gumzo tu, kama kuna nyumba ya watu wa jina la yule rafiki huko kwao. Sikumwambia kwa nini nauliza.

"Mama yao ni jirani yangu," akasema. "Tunachota maji pamoja. Yuko kwenye shamba la mzungu, kijana wake anakamua ng'ombe wa bwana."

Nilimwambia mume wangu jioni ile ile. Uso wake ulibadilika, na nikaona kuwa alikuwa ameomba nisimpate mtu wa kunijibu.

"Wiki ijayo," akasema. "Nitaenda wiki ijayo."

Wiki hiyo aliongezewa zamu. Halafu serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, na mtu hakuweza kupanda kwenda kwenye mashamba ya wazungu bila kibali na bila kuulizwa anamfuata nani na kwa nini. Halafu nikapoteza mimba. Halafu ilikuwa mvua na barabara haikupitika. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Ningeweza kusimama mbele ya hakimu nikaitetea kila moja. Lakini lori la maziwa lilipanda na kushuka miaka yote hiyo, na mume wangu alipata vibali vya kwenda Njoro na hata Gilgil kufuata pesa moja ya shaba aliyosikia habari zake. Mimi nami sikumsukuma. Niliona kuwa siku atakayoipeleka ile soksi Dundori ndiyo siku atakayoziondoa glasi dirishani, na jioni zetu zitakwisha. Nilinunua viazi na kumuuliza muuzaji, "Yule mama mzee hajambo?" Akanijibu, "Hajambo." Hilo likanitosha.

Tulipata mtoto wa kiume karibu na mwisho wa miaka hiyo. Mume wangu alitaka apewe jina la rafiki yake. Nilikubali, lakini nikamwambia hatuwezi kuchukua jina kwenye nyumba ya watu kama mtu anayechuma mboga shamba la jirani. Tulipaswa kwenda. Safari hii hakusema wiki ijayo. Aliomba ruhusa kazini, akatafuta kibali, akaitia soksi ndani ya koti, tukapanda lori la maziwa na mtoto mgongoni mwangu.

Dundori ni baridi. Ukungu ulikuwa umelala kwenye pareto, na mtoto aliona moshi wa pumzi yake mwenyewe akashangaa. Nyumba ya yule mama ilikuwa mwisho wa mstari wa nyumba za wafanyakazi. Alikuwa ameketi nje akimenya viazi, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya haraka. Mume wangu akamwambia tunatoka Nakuru, kwenye reli, na kwamba tumekuja kumsalimu. Hakuuliza zaidi. Alitupa viti, akaita ndani, na kijana wake akatoka na birika la chai ya maziwa. Ninamwita kijana, lakini alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza kumtoka kwenye paji.

"Lete mtoto," mama akaniambia. Akafuta mikono kwenye leso, akampakata. "Na huyu anaitwa nani?"

Nilimtajia jina. Lilinitoka tu, kabla mume wangu hajafungua mdomo, na nilimwona akigeuka kunitazama.

Mama alicheka kwa furaha. "Kama kijana wangu mkubwa!" Akamtazama mume wangu upya, akaliona lile koti la jeshi. "Kumbe mlikuwa pamoja jeshini! Mbona hukusema? Niambie basi, yuko wapi siku hizi? Watu wa hapa wanasema ameoa Mwarabu. Mimi sijali ameoa nani."

Mume wangu alisimama. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Vaa kofia yako," mama akasema. "Vaa, uketi."

Hakuvaa. Mama alinirudishia mtoto polepole, kama mtu anayeshusha kitu kizito, na mume wangu akamweleza. Alimweleza juu ya kamba na mapipa, na jinsi rafiki yake alivyoomba maji, na kwamba hakuachwa peke yake hata kidogo mpaka asubuhi. Mama alimsikiliza akiwa ameshika kisu cha viazi. Kijana wake alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Nani alimzika?"

"Mimi, mama. Mimi na wenzangu."

"Na baada ya vita ulikuwa wapi?"

"Nakuru."

"Nakuru," akasema. Kutoka mlangoni pake, ukungu ukiinuka, unaliona ziwa la Nakuru chini bondeni, na mabati ya mji. Alitazama huko. "Bwana wa shamba aliniambia zamani kuwa amekufa. Lakini jirani yangu naye aliambiwa hivyo hivyo, na kijana wake akashuka kwenye treni na sanduku kichwani. Nikasema moyoni, kama wangu amekufa kweli, wale waliokula naye watakuja kuniambia. Mtu hafi jeshini bila wenzake kujua. Nikangoja. Hamkuja. Basi nikajua yu hai."

Nilikaa pale na mtoto mapajani. Kumbe miaka yote tuliyonyamaza, yeye aliusikia ukimya wetu kama habari njema.

Mume wangu alidhani bado hajafika kwenye kosa lake. Alitoa soksi, akafungua fundo, akamwaga zile pesa juu ya sinia la viazi, akakiri yote, jinsi alivyozikanyaga, jinsi alivyouchagua udongo. Mama alizitazama kidogo. Akazikusanya kwa kiganja upande mmoja, kama anayetenga maharage mabovu.

"Kwa uso ule ulioingia nao," akasema, "nilidhani utaniambia ni wewe uliyemsukuma. Hivi ni vyuma tu. Ulikuwa na umri gani?"

"Nilikuwa kijana, mama."

"Mlikuwa watoto. Hivi ndivyo vilivyokuzuia kuja?"

Mume wangu aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Hivi?" akauliza tena, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

Hapo ndipo yule kijana wake aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hivyo, mama, mkubwa ni mimi."

Mama alifunika uso kwa leso. Mimi sikuelewa. Kijana aliweka birika chini, akachukua ndoo yake, akaenda kwenye ng'ombe ingawa saa ya kukamua ilikuwa bado.

Nilielewa wakati wa kuondoka. Mama alikuwa ameamuru tusirudi mikono mitupu, na kijana alibeba gunia la viazi begani kutusindikiza mpaka lori linaposimama. Alikuwa anatembea mbele yetu, na alizungumza bila kugeuka.

"Kwetu mdogo hatangulii kuoa mkubwa akiwa hai," akasema. "Mama alishikilia hivyo; ndoa ya kusikia tu haikuhesabika. Kulikuwa na msichana hapa chini, baba yake alikuwa ameshakubali. Nilimwambia angoje kaka arudi. Akangoja."

"Yuko wapi?" mume wangu akauliza.

"Ol Kalou. Ana watoto watatu."

Alipakia gunia kwenye lori, akalipigapiga likae vizuri, akampungia mtoto mkono. Ningependa kusema alitutukana. Mume wangu alikaa juu ya lile gunia njia yote, kichwa kimeinama, na tuliposhuka mjini alikuwa bado ameshika kofia mkononi.

Soksi, na zile pesa ndani yake, alikuwa ameiacha nyuma ya kiti kwa makusudi. Wiki iliyofuata muuza viazi aliileta. "Mama anasema usimwachie mzigo wako," akasema. Mume wangu aliirudisha sandukuni. Zile nyingine, tulizozikusanya kwa sigara na sabuni, alimpelekea fundi wa saa, ambaye alizipanga kwenye kabati lake la kioo kati ya saa mbovu. Tulizitumia zile glasi kwa maji ya kunywa, ingawa kwa muda mrefu maji yalinukia simsim. Jioni, vyombo vikishaondolewa, tulikaa. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa hatuna la kufanya kwa mikono yetu, na kila mmoja alijua mwenzake anamfikiria yule mwanamke wa Ol Kalou na watoto wake watatu, ambao wangekuwa watoto wa Dundori.

Mume wangu alianza kupanda kule kila alipopata siku ya mapumziko. Alitengeneza paa la yule mama, akamchimbia choo. Ndugu wote walipokusanyika kumwombea marehemu, aliitwa aeleze tena habari yote mbele yao, na alieleza, hata ile ya udongo. Mimi sikwenda. Nilisema mtoto ana homa. Hakuwa na homa.

Lakini arusi ya yule mdogo nilikwenda, kwa sababu mama mwenyewe alituma neno kwamba asiponiona, jirani yake hataniuzia viazi tena. Alioa mjane mmoja kutoka upande wa Subukia, mwanamke mpole ambaye alikuwa na msichana wake tayari. Haikuwa arusi ya vijana. Watu walicheka kwa adabu, wakala, na jua likatoka. Nilijificha upande wa wapishi, nikiosha sahani ambazo hazikuhitaji kuoshwa, mpaka mama akaja kunitoa kwa mkono. Alinipeleka mbele ya bibi arusi na jamaa zake wote, mimi na mume wangu, tukasimama kama watoto wa shule.

"Hawa," akawaambia, "ndio walioniletea mwanangu nyumbani. Bila hawa, leo tusingekuwa hapa."

Wakatupigia makofi. Mwanamke mmoja mzee akanikumbatia, akaniita binti wa heri. Nilitazama chini. Nilijua kuwa nikisema kweli nitaiharibu arusi, na nilijua pia kuwa kunyamaza ni rahisi, na sikuweza kupambanua ni lipi kati ya hayo mawili lililoufunga mdomo wangu. Bwana arusi alikuwa amesikia kila neno. Alikuja na sinia la nyama, akachagua kipande kizuri, akaniwekea kwenye sahani, akasema, "Kula, dada." Nikala, mbele ya macho yake, mpaka nikamaliza.